Ukishapita Manyani

Baba yangu haamini baiskeli. Si kwamba hazijui. Alijifunza kuendesha Black Mamba ya babu huko Machakos kabla hajajua kuandika jina lake. Anachomaanisha ni kwamba baiskeli haina mahali pake kwenye barabara ya Mombasa. "Ile ni barabara ya magari makubwa," aliniambia nilipomweleza mpango wangu. "Hata gari ndogo zinaomba ruhusa. Sasa wewe na hiyo baiskeli utamwomba nani?"

Mzee anajua anachosema. Kwa miaka 22, kuanzia 1994 hadi 2016, aliendesha trela kati ya Mombasa na Nairobi, na mara nyingine akavuka Malaba kwenda Kampala. Aliacha kwa sababu ya macho. Sukari iliyala polepole, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia likafuata. Leo anaona mwanga na vivuli. Anajua kuna mtu amesimama mlangoni, lakini mpaka mtu huyo aongee ndipo ajue ni nani.

Barabara aliyobaki nayo ni ile iliyo kichwani. Mpe nafasi atakutajia yote bila kupumua: Athi River, Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu kwa Wasikh wanaolisha wasafiri bure, Kibwezi, Mtito Andei, Manyani, Voi, Maungu, Mackinnon Road penye msikiti ambapo madereva husimama kuomba safari njema, Samburu, Mariakani kwenye mizani. Sisi watoto wake tulilala na hayo majina kama watoto wengine walivyolala na hadithi za sungura. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyaona. Nilikuwa nimeyapita tu, usiku ndani ya basi, au mchana ndani ya SGR, kichwa kwenye kioo na simu mkononi.

Watu hutaka sababu. Ukisema unaenda Mombasa kwa baiskeli peke yako, na wewe ni msichana wa miaka 27, wanakuuliza kama ni ya kuchangisha pesa, kama umeachwa na mtu, kama ni ya TikTok. Yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka kuyaona hayo majina moja moja, kwa mwendo ambao hauniruhusu kuyakosa. Nikanunua baiskeli ya mtumba kwa shilingi 18,000, nikaifunga mifuko miwili nyuma, nikaomba likizo kazini. Baba alikataa wiki nzima. Kisha akakubali kwa sharti moja: kila nikisimama nimpigie.

Nilikuwa nimeigawa safari siku tano. Ya kwanza hadi Emali, ya pili hadi Mtito Andei, ya tatu hadi Voi, ya nne hadi Mariakani, na ya tano nishuke baharini. Hapa naandika kuhusu ya tatu peke yake. Zile nyingine zilikuwa habari za miguu na makalio.

*

Mtito Andei iko karibu nusu ya njia. Jina lenyewe ni la Kikamba, msitu wa ndei, wale tai wanaokula mizoga. Siku hizi ndei ni sisi wasafiri: tunashuka kwenye basi, tunavamia chipsi na soda, tunaruka tena.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nilikuwa kwenye kihoteli kando ya barabara, nikila chapati mbili na mayai mawili ya kuchemsha, na nyingine mbili zimefungwa kwenye gazeti za kubeba. Mama mwenye hoteli aliangalia baiskeli, akaniangalia mimi.

"Uko na nani?"

"Wenzangu wako nyuma."

"Wangapi?"

"Watatu."

Hilo ni jibu langu la kila mahali. Msichana akiwa peke yake hasemi yuko peke yake. Nilikuwa nimeshawapa wenzangu majina na kila mmoja na baiskeli yake, mmoja ana pancha kila wakati, ndiyo maana hawafiki. Mama akatikisa kichwa, akanijazia chai bila kuongeza bei.

"Sawa. Mungu awachunge wote wanne."

Simu ikalia. Baba huamka na jogoo wa jirani.

"Umelala vizuri, mama?" Ananiita mama kwa sababu nimeitwa jina la mamake.

"Nimelala."

"Leo upepo utakuwa usoni. Mwezi wa nane kusi inatoka baharini, inakuja nayo barabara hii yote. Usishindane nayo. Na chunga nyaya za matairi."

"Sawa baba."

"Utashuka mpaka daraja la Tsavo, halafu utapanda kidogo kidogo mpaka Manyani. Ukishapita Manyani, kama kilomita kumi hivi, kuna kalvati. Upande wako wa kulia, ng'ambo ya barabara, kuna mbuyu umegawanyika chini kama suruali. Ukifika hapo unipigie."

"Kuna nini hapo?"

"Unipigie tu."

*

Kutoka Mtito hadi Voi ni karibu kilomita 100, na sehemu kubwa inapita katikati ya hifadhi. Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1948, kisha ikagawanywa, Mashariki na Magharibi, na mpaka kati ya hizo mbili ni hii barabara na reli. Kwa hivyo kushoto kwangu kulikuwa na Tsavo Mashariki, kulia Tsavo Magharibi, na katikati mimi, na malori yote ya Afrika Mashariki.

Kuhusu malori. Trela ikikupita inakusukuma kwanza, halafu inakuvuta. Hewa ya mbele inakutupa upande wa majani. Ukishajiweka sawa, ile nafasi tupu nyuma yake inakunyonya kurudi kwenye lami. Hakuna aliyenifundisha cha kufanya. Baada ya trela kumi za kwanza mwili ulikuwa umeelewa wenyewe: shika usukani lakini usiukaze, viwiko vilegee, macho mbele, usiangalie magurudumu. Ukiangalia magurudumu unayafuata.

Nikiwa mdogo baba alinifundisha lugha ya trela. Trela iliyo mbele yako ikiwasha indiketa ya kushoto inakwambia pita, mbele ni kweupe. Ya kulia: kaa nyuma, kuna kitu kinakuja. Matawi mabichi yakitupwa barabarani: punguza mwendo, kuna gari limekufa baada ya kona. Nilikuwa najivunia kuijua hiyo lugha. Nilichogundua juu ya baiskeli ni kwamba ndani yake hakuna neno la baiskeli. Kuna honi tu, na honi ina maana moja, toka.

Upepo ulikuwa kama alivyosema. Kwenye tambarare nilikuwa nakanyaga kama mtu anayepanda mlima, kilomita 13 kwa saa, 14 nikijitahidi. Kwa mwendo huo unaona vitu ambavyo basi halikuonyeshi. Unaona udongo ukibadilika kuwa mwekundu, kisha mwekundu zaidi. Unaona njia za ndovu zikishuka kuelekea tuta la SGR na kuingia chini yake, mahali walipojengewa vivuko. Unaona dikidiki wawili wamesimama kichakani wakikuangalia kama wewe ndiye kituko. Na unaona matairi. Barabara yote imejaa vipande vya matairi yaliyopasuka, na ndani ya kila kipande kuna nyaya nyembamba za chuma, nyembamba kama sindano ya kushonea. Hizo ndizo nyaya baba alizosema. Moja ikanipata kama saa tatu na nusu.

Kuziba pancha Nairobi ni kazi ya fundi. Kuziba pancha Tsavo ni kazi yako, na unaifanya ukiangalia nyuma kila dakika, kwa sababu hii si nchi ya mbuzi. Nikageuza baiskeli juu chini, nikatoa tyubu, nikapapasa ndani ya tairi kwa vidole mpaka waya ikanichoma. Nikaing'oa kwa meno. Nikabandika kiraka, nikapiga pampu mpaka mikono ikatetemeka. Dakika 25. Magari mengi yalipita, na hakuna lililopunguza mwendo. Siwalaumu, barabara hiyo watu huambiwa wasisimame.

Ndovu niliwakuta muda mfupi baadaye. Saba, na mtoto mmoja, wekundu kabisa kwa vumbi, wamesimama kando ya lami upande wangu kama abiria wanaongoja matatu. Nikashika breki. Kati yetu labda mita 80. Kwa gari, mita 80 ni picha nzuri. Kwa baiskeli, ni hesabu, na jibu lake sikulipenda.

Nikiwa nimesimama hapo, nikasikia trela nyuma yangu ikishusha gia. Haikupiga honi. Ikaja polepole, taa zote nne zikimeta, ikasimama kando yangu upande wa kulia, kisha ikasogea mbele kidogo mpaka kichwa chake kikawa kati yangu na ndovu. Dereva akainama dirishani, jamaa mnene mwenye kofia ya sufi na joto lote lile.

"Siste, kaa hapo kwa kivuli. Hawa wanataka kuvuka tu."

Tukangoja. Nyuma yetu foleni ikaanza kujengeka, watu wakapiga honi, yeye hata hakugeuka. Yule jike mkubwa akatingisha masikio, akaonja hewa, akaingia barabarani. Wengine wakafuata. Mtoto alikuwa wa mwisho, akivuka mbio.

"Babako anajua uko huku?" dereva akaniuliza.

"Anajua. Alikuwa wa trela."

"Basi mwambie tumekuona." Akaachilia breki, ule mlio wa hewa, akaondoka.

Hiyo nilipanga kumwambia baba jioni. Nilikuwa tayari nimeipanga kichwani vile nitaisimulia, na mahali nitakapopumzika ili acheke.

*

Daraja la Tsavo nililifikia saa tano na nusu, jua limekaza. Kila Mkenya anajua hadithi ya hapa. Mwaka 1898, reli ikijengwa kutoka Mombasa, simba wawili madume wasio na manyoya shingoni waliwinda wafanyakazi kambini kwa miezi, mpaka msimamizi wa daraja, Patterson, akawaua Desemba. Akaandika kitabu. Simba wenyewe wako Chicago, wamejazwa na kuwekwa ndani ya kioo katika makumbusho ya Field. Nilikula chapati zangu hapo nikiangalia maji ya kahawia, nikifikiria kwamba jina la aliyepiga risasi tunalo, lakini wale walioliwa, wengi wao wafanyakazi waliotoka India, ni wachache sana wanaokumbukwa kwa jina. Ukisimama kwenye daraja la Tsavo unasimuliwa habari za simba.

Manyani ni hivyo hivyo. Leo watu wakisikia Manyani wanafikiria gereza. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, ilikuwa kambi ya kizuizini, maelfu ya watu walifungiwa kwenye joto hili wakishukiwa kuwa Mau Mau. Unapita kwa gari dakika tatu. Kwa baiskeli kuna muda wa kuangalia vichaka vilivyo nyuma ya waya na kuwaza mtu angekimbilia wapi.

Baada ya Manyani nikaanza kuhesabu kilomita. Nane. Tisa. Kwenye kumi na kidogo nikaona kalvati, kingo zake za zege zimepakwa rangi nyeupe iliyochakaa. Ng'ambo kulikuwa na mbuyu, umegawanyika chini kama suruali. Miaka minane bila kupita hapo, macho yamekwisha, na bado mzee hakukosea hata kilomita moja.

Nikavuka barabara, nikalaza baiskeli, nikapiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika. Niko chini ya mbuyu."

"Una majani?"

"Hauna. Ni mkavu."

Akanyamaza. Kisha akaacha Kiswahili, akaanza kuongea Kikamba, lugha anayoitumia akiwa na jambo. Naliandika hapa vile nilivyolisikia.

Ilikuwa 2004, akasema, karibu saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa anatoka Mombasa na kontena la tani 26, taniboi amelala. Mbele likatokea basi la usiku likipita trela nyingine, likaingia upande wake, taa zote zikamjaa machoni. Akavuta kushoto. Hakuwa na pengine. Na kushoto kulikuwa na mtu wa baiskeli, amebeba mitungi ya maji.

"Ulimgonga?"

"Sijui. Ukiwa ndani ya trela husikii. Nilimwona kwa kioo. Taa za basi zilimulika nyuma, nikaona mitungi miwili ya njano inabingirika, na baiskeli iko chini. Halafu ikawa giza."

"Na ukasimama?"

Nilijua jibu. Nadhani niliuliza ili alisikie likitoka mdomoni mwake.

"Sikusimama."

Trela ikapita ikielekea Nairobi, upande ule ule niliosimama, na nikahisi kusukumwa na kuvutwa kama kawaida. Ilibidi nishike mbuyu.

"Nilifika Mtito nikanywa chai," akasema. "Taniboi akaniuliza mbona natetemeka. Nikamwambia ni malaria. Kila nikipita hapo baada ya hiyo siku napunguza mwendo. Miaka 12. Napunguza, naangalia, naendelea. Sikuwahi kuuliza mtu. Ukiuliza utaambiwa."

Mwaka 2004 mimi nilikuwa na miaka saba. Wiki hiyo bila shaka alituletea mabuyu ya Mombasa, yale mekundu yanayotia ulimi rangi, kwa sababu sikumbuki safari hata moja ambayo hakutuletea. Tulikuwa tukigombania kumvua viatu.

Nilitaka mahali hapo pawe na kitu. Msalaba, hata kipande cha chuma. Kulikuwa na chupa za plastiki, kinyesi cha ndovu kilichokauka, na mstari mweupe wa barabara.

"Mama," akaniita. "Niangalizie. Hapo kando ya lami, kuna nafasi ya mtu?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Nikasimama kwenye mstari mweupe, nikapima kwa nyayo, kisigino kwa kidole. Nyayo mbili na nusu, halafu lami inakatika kama biskuti, na changarawe inashuka mtaroni.

"Ipo," nikamwambia. "Ndogo."

"Akiwa na mitungi?"

Ningeweza kumwambia barabara imetengenezwa tangu wakati huo, kwamba kingo za leo si za 2004 na kipimo changu hakithibitishi chochote. Hayo anayajua kuliko mimi. Hakuyasema, nami sikuyasema.

"Haitoshi, baba."

"Haya," akasema. "Haya. Endelea, jua lisikuchome."

*

Sijawahi kukanyaga baiskeli kwa nguvu kama kilomita zilizofuata. Upepo sikuusikia tena. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Nikimkasirikia baba, namwona gizani anatafuta kikombe kwa vidole mezani. Nikimhurumia, nasikia trela nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Nairobi nawaza kuhusu anayeiendesha: ana watoto? Amelala saa ngapi? Akilazimika kuchagua kati ya basi na mimi, atachagua nini? Nilijua atachagua nini. Nami ningechagua hivyo hivyo. Basi lina watu 50. Kuvuta kushoto nilikuwa nimeshakusamehe kabla sijafika kilomita ya pili. Nilichokuwa nakanyagia ni kile kioo, kuangalia nyuma, kuona, halafu kuongeza gia.

Nikamfikiria pia jamaa wa kofia ya sufi. Ilimgharimu nini kusimama? Dakika sita na matusi ya foleni.

Nilipokaribia makazi ya watu, vilima vya Taita vikianza kuonekana kwa mbali upande wa kulia, nikamkuta mzee mmoja anasukuma Black Mamba kwenye mwinuko. Mitungi minne ya njano, miwili kila upande, imefungwa kwa mpira wa tyubu. Nikashuka, nikatembea naye.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo yako ina gia ngapi?"

"Ishirini na moja."

Akacheka mpaka akasimama. "Sasa hizo zote unaenda nazo wapi?"

"Mombasa. Kutoka Nairobi."

"Peke yako?"

Nilifungua mdomo niwataje wale watatu, halafu nikaona haina haja. "Peke yangu."

Yeye huenda mara mbili kwa siku, akaniambia, kuchota na kuuza, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Amefanya hivyo tangu ujana. Nikapiga hesabu haraka: kilomita 16 kwa siku, nusu yake na lita 80 za maji. Hakuna anayempigia simu kila akisimama. Hakuna anayeiita safari.

Nikamuuliza. Nilitafuta njia ya kuzunguka, sikuipata, nikauliza moja kwa moja: hizi trela zimewahi kumwangusha?

"Mara tatu," akasema, kama mtu anayeulizwa watoto wake ni wangapi. "Hapa hakuna mtu wa baiskeli hajaanguka. Ukisikia mbili zinakutana, unashuka, unaingia majanini. Sisi hushuka. Lakini asubuhi na giza huwezi kuona zote."

"Na ukianguka?"

"Unaamka. Maji ndiyo humwagika." Akafikiria kidogo. "Kuna ambao hawakuamka. Wawili nawajua. Mmoja wa zamani, mmoja juzi juzi."

Nikataka kuuliza huyo wa zamani ni wa mwaka gani. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasikia sauti ya baba: ukiuliza utaambiwa. Nikalimeza.

"Na hao madereva husimama?"

"Mmoja alisimama. Akanipa mia mbili na soda. Akanishikia baiskeli nikafunga mitungi tena. Alikuwa anatetemeka kuniliko."

Tukafika juu ya mwinuko. Akanitakia safari njema, akapanda, akaachilia. Kwenye mteremko, na mzigo wake, aliniacha.

*

Voi niliingia saa kumi na moja kasorobo, mkonge kwa mbali, kilima cha Sagala kikichukua rangi ya jua la jioni. Nikapata lojing ya shilingi 800 yenye ndoo ya maji moto na mlinzi aliyekubali baiskeli ilale ndani ya chumba. Nikaoga. Maji yaliyotoka kichwani yalikuwa mekundu kama ya ndovu. Nikala ugali na mbuzi, nikaketi kitandani na simu mkononi kwa muda mrefu kabla ya kupiga.

Alishika mlio wa kwanza.

Nikamwambia habari za pancha. Nikamwambia habari za ndovu na yule jamaa wa kofia, na akacheka pale nilipotaka acheke, lakini kicheko kifupi. "Huyo ni dereva," akasema. Kisha nikamwambia habari za mzee wa mitungi, yote: mara tatu, wanaoamka, wawili ambao hawakuamka. Nilikuwa nimejadiliana na nafsi yangu kama nimfiche hao wawili. Lakini mtu aliyeniuliza kama nafasi inatosha alikuwa ameshaomba ukweli, na sikuona ni kwa haki gani ningemgawia kwa kijiko.

Kimya. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake redio ya mama.

"Huyo aliyesimama," akasema, "alimpa mia mbili?"

"Na soda."

"Na akamshikia baiskeli."

"Ndiyo."

"Hmm."

Redio ikamaliza matangazo ya vifo ikaingia muziki. Nikadhani amekata.

"Kesho utapita Mackinnon Road," akasema mwishowe. "Ule msikiti uko kando ya barabara, huwezi kuukosa. Mimi ni Mkristo, lakini pale nilikuwa nasimama kila safari. Miaka 22, kwenda na kurudi. Hata nikiwa nimechelewa. Nilikuwa natia kitu kwa kisanduku, naomba nifike salama."

Akanyamaza tena.

"Pale nilikuwa nasimama," akarudia. "Nawe usimame, mama. Lakini usiombe yako peke yako."

Nikamwambia nitasimama.